Kwa Nini Kikombe cha Kahawa ni Kidogo

Mwaka jana niliiharibu kahawa yangu kwa mikono yangu mwenyewe, na kazi hiyo ilinichukua siku 10 tu.

Mtaani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, kuna mzee anayepita na dele lake la kahawa baada ya swala ya alasiri. Dele limekaa juu ya jiko dogo la mkaa, na katika mkono wa pili ana vikombe vitatu anavyovigonganisha: kacha, kacha, kacha. Hujamwona bado, umeshajua yuko kona ipi. Akifika barazani anamimina, unapokea kikombe chenye mafunda matatu, manne ukijibana, unang'ata kashata, unarudisha kikombe, kinasuuzwa, kinakwenda kwa mwingine. Kahawa ni chungu, ina tangawizi, sukari haijui. Mimi nikaanza kupiga hesabu za kijinga. Vikombe vinne kwa siku, na kila kimoja kinaisha kabla mtu hajamaliza habari ya penalti! Siku moja nikamfuata na chupa ya chai ya lita moja.

"Shikamoo mzee. Leo nijazie hii, nikanywe nyumbani huku nafanya kazi."

"Marahaba mwanangu." Akaitazama chupa, kisha akanitazama mimi. "Yote?"

"Yote."

Akajaza. Kashata mbili akazifunga kwenye gazeti, akanipa bure, kama mtu anayempelekea mgonjwa.

Siku ya kwanza nilifaidi. Siku ya tatu nilikuwa nakunywa huku nasoma barua pepe, na nilipoinua chupa nikaikuta nyepesi bila kukumbuka nimeimaliza saa ngapi. Siku ya 10 kahawa ilipoa mezani, sikuwa na hamu nayo. Kahawa ileile, mzee yuleyule, tangawizi ileile. Na aibu yenyewe ni kwamba saikolojia ndiyo kazi yangu. Nilitakiwa kujua.

Wahenga walishalisema: kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii huwa tunamtupia mtu aliyenunua simu mpya akawa halali nayo mbali, lakini ndani yake mna nadharia nzima ya furaha. Mwaka 1971 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Philip Brickman na Donald Campbell, waliieleza kwa lugha ya chuo: binadamu hulizoea jema linalomfikia, kipimo chake cha kawaida kikapanda nalo, akajikuta anahitaji kubwa zaidi ili asikie kilekile. Ni ngamia wa shinikizo la ufuta, anatembea kutwa, jioni yuko palepale. (Na sisi ndio watu wa Ngamiani.)

Miaka saba baadaye Brickman alichapisha, pamoja na Dan Coates na Ronnie Janoff-Bulman, utafiti unaosimuliwa hadi leo, mara nyingi kwa makosa. Waliwahoji watu 22 walioshinda bahati nasibu ya jimbo la Illinois, watu 22 ambao hawakushinda chochote, na watu 29 waliopooza kwa ajali. Husimuliwa kwamba washindi na waliopooza walikuwa na furaha sawa. Si kweli. Katika kipimo cha 0 hadi 5, waliopooza walikuwa na wastani wa 2.96, watu wa kawaida 3.82, washindi 4.00. Ajali iliuma, na iliendelea kuuma.

La kushangaza limo kwenye swali jingine ambalo wasimulizi hulipita. Watafiti waliuliza: unapata raha kiasi gani ukizungumza na rafiki, ukila kifungua kinywa, ukisikia kichekesho, ukisifiwa, ukisoma jarida? Hapo washindi walishuka hadi 3.33, huku wale wasioshinda kitu wakibaki kwenye 3.82. Bahati kubwa ilikuwa imezimeza zile ndogo.

Nisieleweke vibaya. Utafiti ule ulikuwa mdogo, na mwingine mkubwa zaidi wa washindi wa bahati nasibu nchini Sweden, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa waliopata fedha nyingi waliendelea kuridhika zaidi na maisha yao hata baada ya miaka zaidi ya 10. Kwa hiyo anayekwambia fedha haina maana, muulize kodi ya nyumba analipiwa na nani. Ila fedha inaweza kukutengenezea maisha na papo hapo ikakupunguzia utamu wa andazi. Mwaka 2010 Jordi Quoidbach na wenzake walieleza jaribio lao: watu waliotangulia kuonyeshwa picha ya noti walikula kipande cha chokoleti haraka zaidi kuliko wengine, na waliokuwa wakiwatazama waliona furaha pungufu nyusoni mwao. Picha tu ya noti! Hawakupewa hata senti.

Mazoea huanzia mwilini kabla hayajafika moyoni. Saa iliyo mkononi mwako hukuwa unaisikia mpaka nilipoitaja. Daktari mmoja wa Uswisi, Ignaz Troxler, alieleza mwaka 1804 kwamba ukikazia macho nukta moja bila kuyachezesha, vilivyo pembeni hufifia, vingine vikatoweka kabisa. Pua nayo huchoka upesi. Mwanamke aliyejifukiza udi huacha kuusikia kabla hajamaliza kufunga mlango, wakati aliyepishana naye ngazini anageuza shingo. Ukirudi safari ya wiki mbili, ukafungua mlango, ile harufu ya nyumba yako inayokupokea, mchanganyiko wa mkeka na nazi na nguo za kabatini, haikuingia jana. Imekuwapo siku zote, ila wewe ulikuwa umeizoea.

Hilo si kosa la uumbaji. Mishipa ya fahamu imewekwa itoe taarifa ya kilichobadilika, kwa sababu kilichobadilika ndicho kinachoweza kuwa nyoka. Mtu ambaye angeisikia kanzu yake kila sekunde angeshindwa kuvuka barabara. Na mazoea hayohayo ndiyo yanayomwinua mfiwa kidogo kidogo, mwezi hadi mwezi, mpaka siku anacheka tena bila kujilaumu. Tukiyalaani kwa kutuondolea utamu, tuyashukuru pia kwa kutuondolea uchungu.

Ndani ya ubongo hesabu ya mazoea imefuatiliwa kwa karibu sana. Wolfram Schultz alipima seli za nyani zinazotoa dopamini. Nyani akidondoshewa tone la juisi bila kulitarajia, seli zinaripuka. Akishajifunza kwamba kuna ishara inayotangulia juisi, seli huiitikia ishara, na juisi yenyewe ikija hazina habari nayo. Ishara ikitokea halafu juisi isije, seli hushuka chini ya kiwango chake cha kawaida. Mwaka 1997 Schultz, Peter Dayan na Read Montague waliliweka jambo hili katika makala moja iliyobadilisha fani yetu. Dopamini, kinyume na inavyotangazwa, si raha yenyewe. Ni karani anayelinganisha kilichotarajiwa na kilichopatikana, akaandika tofauti. Pasipo tofauti, haandiki kitu.

Sasa irudie ile kacha, kacha ya vikombe. Ubongo wangu ulikuwa unaamka pale, kona mbili kabla ya kahawa, na siku ambazo mzee alichelewa au alipita mtaa mwingine zilikuwa zinaiweka hai ile tofauti. Chupa ya mezani haina mlio. Haichelewi. Ipo tu.

Kikombe chenyewe nacho kina elimu yake. Mwaka 1981 Barbara Rolls, Edmund Rolls na wenzao walionyesha kwamba ukila chakula kimoja, utamu wa hicho unashuka, lakini utamu wa vyakula ambavyo hujavigusa unabaki karibu ulipokuwa. Ndiyo maana aliyeapa kwamba pilau limemfika shingoni anapata nafasi ya haluwa. Kahawa chungu na kashata huchezea mlango huohuo: funda la uchungu linaufuta utamu wa kashata, kashata inausafisha uchungu, na kila upande unarudi ukiwa kama mgeni. Lita nzima ya kahawa bila kashata ni mwimbaji mmoja anayerudia kibwagizo mpaka alfajiri.

Halafu kuna kule kusubiri kikombe kikiwa kwa mwenzako. Nilikuwa nakuona ni kero, ndiko kulikonipeleka kwenye chupa. Leif Nelson na Tom Meyvis walichapisha mwaka 2008 majaribio ambayo ningeyakumbuka mapema ningeokoa siku 10. Watu waliokandwa mgongo wakakatizwa kidogo katikati walifurahia zaidi kuliko waliokandwa mfululizo. Wakati huohuo, watu walipoulizwa wangependa kipi, walichagua mfululizo. Tunaichagua chupa. Na kinyume chake ni kweli vilevile: jambo la kero likikatizwa, linaporudi huudhi zaidi. Kwa hiyo rundo la nguo za kufua lipige kwa mkupuo ulimalize. Embe dodo likate vipande, uinuke, urudi.

Wanaofunga Ramadhani hawahitaji maabara kwa hili. Tende iliyokuwa kwenye kabati tangu Shaabani, ambayo hakuna aliyeigeuzia jicho, magharibi inaingia mdomoni na mtu anafumba macho. Quoidbach na Elizabeth Dunn walilipima jambo linalofanana nalo mwaka 2013 kwa chokoleti: walioikosa wiki nzima waliifurahia zaidi waliporudi kuila kuliko waliokula watakavyo. Kuikosa ndiyo bei ya chini kuliko zote ya kurudisha ladha, na kwa kuwa haiuzwi, hakuna anayeitangaza.

Fred Bryant na Joseph Veroff waliandika mwaka 2007 kitabu kizima juu ya uwezo wa kuikalia raha wakati inapotokea: kuiona, kuirefusha, kuishiriki na mwingine. Kwa Kiingereza wanalo neno lao. Sisi tunalo zuri zaidi, kufaidi. Mtoto akipewa pande la nyama yenye mafuta, mwenzake humwambia "umefaidi!", na katika neno hilo mna mlaji, mtazamaji na wivu kidogo. Lugha yetu ina jambo jingine linalonipendeza kitaalamu. Mswahili huisikia harufu. Huisikia baridi, huisikia njaa, huusikia utamu. Kitenzi kilekile cha sikio tumekigawia mwili mzima, kana kwamba ladha ni mtu anayesema polepole na ukipiga kelele humsikii. Mimi na barua pepe zangu tulikuwa tunapiga kelele.

Kuna watu nisiowaandikia haya. Mwenye njaa hahitaji somo la kutulia na harufu ya ugali wa jirani, na mwajiri anayechelewesha mishahara asiitumie makala hii kuwafundisha wafanyakazi wake kuridhika na machweo. Tena, ukiona wiki mbili zimepita na hakuna kinachokupa raha, si chakula, si mpira, si mtoto anayekukimbilia mlangoni, hayo si mazoea. Kupotea kwa raha katika mambo uliyoyapenda ni moja ya dalili kuu mbili za sonona, ya pili ikiwa huzuni isiyoondoka. Nenda kituo cha afya ukaseme hivyohivyo. Inatibika.

Kwa wengine waliobaki, ushauri unaotolewa sana ni kuandika unayoyashukuru. Una msingi. Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha mwaka 2003 majaribio ambayo katika mojawapo watu waliandika hadi mambo matano kila wiki kwa wiki 10, na waliridhika zaidi na maisha yao kuliko walioandika kero. Ila Sonja Lyubomirsky na wenzake waliona kwamba waliofanya zoezi la namna hiyo mara moja kwa wiki walinufaika, na waliolifanya mara tatu hawakunufaika. Hata shukrani huzoeleka. Wanafunzi wangu wanaojaza daftari kila usiku huishia kuandika "afya, familia, chakula" kama wanaojaza fomu ya benki. Ninawaambia waandike mara moja tu, tena jambo moja, lakini liwe na umbo: kitumbua cha mwisho kilichokuwa na ukingo uliokauka, kondakta aliyerudisha chenji bila kudaiwa, mvua iliyopiga bati wakati ulikuwa umeshajifunika.

Niliporudi barazani mzee hakuuliza kitu. Alisuuza kikombe, akamimina, akanipa. Chupa siku hizi inabeba uji wa mtoto wa shule. Kahawa nainywea pale, vikombe viwili badala ya vinne, na Jumatatu siendi.