Malaria Kali kwa Watoto: Vimelea Vinavyojificha

Mtoto aliyekuwa akicheza uani asubuhi aweza jioni kukakamaa, macho yakapinduka, na fahamu zikampotea. Waswahili huiita hali hiyo degedege, na wengi waliidhania kuwa kazi ya pepo. Mtoto akapelekwa kwa mganga kwanza na hospitali baadaye. Si kila degedege ni malaria kali, kwani homa yoyote huweza kumtetemesha mtoto mdogo. Lakini asipozinduka baada ya kutulia, kila saa inayopita ina hatari yake.

Kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum hukomaa ndani ya chembe nyekundu ya damu kwa muda wa saa 48 hivi. Hapo mwanzo chembe iliyoambukizwa huzunguka mwilini kama nyingine. Kimelea kikisha kukua, chembe hiyo huota vijinundu vinavyonata, nayo hujishikiza kwenye kuta za mishipa midogo kabisa ya damu, hata ile ya ubongo. Kwa hila hiyo huepuka kupita katika wengu, ambao huchuja chembe mbovu. Ndiyo sababu tone la damu ya kidoleni, likitazamwa kwa hadubini, huweza kuonyesha vimelea vichache katika mtoto aliye mahututi.

Kosa la upande wa pili si dogo. Penye malaria nyingi, watoto wengi huwa na vimelea bila kuugua. Basi mtoto aliyezimia kwa homa ya uti wa mgongo naye hupimwa akaonekana ana malaria. Mwaka 2004 watafiti wa Blantyre, Malawi, walitoa matokeo ya kuchunguza maiti za watoto 31 waliohesabiwa kuwa wamekufa kwa malaria ya ubongo. Watoto 7 walikuwa wameuawa na mambo mengine. Dalili iliyowatenga ilikuwa nyuma ya jicho: katika malaria ya kweli, retina ilikuwa na mabaka meupe, mishipa iliyopauka, au vidonda vya damu. Jicho, kwa hiyo, humwonyesha daktari mishipa ambayo sindano haiifikii.

Sukari ya damu nayo hupimwa papo hapo. Ikishuka chini ya milimoli 2.2 kwa lita, hiyo peke yake yaweza kumzimisha mtoto, na dawa yake ni glukosi tu.

Kwa miaka mingi tiba ilikuwa kwinini, ambayo hushambulia hasa vimelea vilivyokwisha komaa. Artesuneti, itokanayo na mmea wa Artemisia annua, huua hata vichanga kabla havijanata. Tofauti hiyo ilipimwa kwa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwamo. Matokeo yalitolewa mwaka 2010: waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, na waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hudungwa miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wake, kisha tena baada ya saa 12 na saa 24. Akiweza kumeza, humalizia kwa dawa mseto.

Mahali ambapo matibabu kamili ya sindano hayapatikani, mtoto wa chini ya miaka 6 huwekewa artesuneti mara moja kwa njia ya haja kubwa, na safari ya hospitali huanza saa ile ile, hata akionekana kupata nafuu.