Watu Wawili na Kamba Moja

Wasikilizaji wetu, sisi tukaao Moshi, mawingu yanapofunuka asubuhi twaviona vilele viwili juu yetu: Kibo, mwenye kichwa cha mviringo, na Mawenzi, aliye mweusi na mwenye meno kama msumeno. Wazee wa Kichagga husimulia kwamba hao walikuwa jirani. Mawenzi alikuwa mvivu wa kutunza moto wake, na kila ulipozimika alikwenda kwa Kibo kuomba kaa. Mwisho Kibo alichoka, akamtwanga kwa mchi, na ndiyo sababu kichwa cha Mawenzi kimepasukapasuka hata leo.

Wanafunzi wametuuliza mara nyingi: Mlima Kibo una urefu wa mita 5,895, na Mawenzi mita 5,149 tu. Mbona basi watu wengi hufika juu ya Kibo, na wachache mno juu ya Mawenzi? Swali hili ni jema, maana kijana adhaniaye kwamba mlima mfupi ndio mlima mwepesi aweza kuipoteza roho yake.

Mchi uliomtwanga Mawenzi ni maji. Mawenzi ni mlima wa moto uliozimika zamani sana kuliko Kibo. Mvua na baridi zimeula hata kuta za kasoko lake zimebomoka, na yaliyobaki ni majabali yaliyosimama wima, yenye nyufa tele. Mchana maji huingia katika nyufa hizo, usiku huganda. Nayo maji yakiganda hutanuka, kama tuonavyo chupa iliyojaa maji ikipasuka kwa baridi. Hivyo barafu hulipasua jiwe kama kabari ipasuavyo gogo. Alfajiri barafu ile ile huyashika mawe yasianguke. Lakini jua likipanda huyeyuka, na mawe huporomoka.

Kwa hiyo apandaye majabali hana budi kuondoka usiku. Tena haliamini jiwe kwa kulitazama tu, bali hulipiga kwanza kwa kiganja: likilia kama mtungi mtupu, huliacha. Hasogezi mkono na mguu pamoja. Viungo vitatu hushika, na cha nne hutafuta mahali. Naye haendi peke yake. Wenzi wawili hufungwa kwa kamba moja viunoni. Mmoja hupanda, na mwingine husimama imara, ameizungusha kamba katika mwamba, akiilegeza kidogo kidogo. Wa kwanza akiteleza, wa pili humzuia. Kisha hubadilishana. Lakini kamba iokoayo yaweza pia kuwavuta wote wawili. Kwa hiyo kosa la mmoja ni kosa la wote, na lazima wapatane katika kila neno.

Sasa tutazame watu wawili waliopatana hivyo. Hans Meyer, mtu wa Leipzig, alijaribu kuupanda Kibo mwaka 1887, akazuiwa na ukuta wa barafu. Mwaka 1889 alirudi pamoja na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya mwili kutoka Salzburg. Mangi Mareale wa Marangu aliwapokea. Wapagazi waliwapelekea chakula. Na Mwini Amani, mtu wa Pangani, alikaa nao katika kambi ya juu, penye baridi ambayo watu wa pwani hawakuizoea. Pasipo hao, wale wawili wasingalifika.

Tarehe 3 Oktoba waliondoka kabla ya mapambazuko, wakapita juu ya mawe mpaka wakafika penye barafu. Hapo Purtscheller alitangulia, akichonga vidato kwa shoka, kama mkwezi achongavyo vidato katika mnazi. Hewa ya huko ni nyembamba, yapata nusu ya ile tuipatayo pwani, na kila pigo la shoka lilimkata mtu pumzi. Walipofika ukingoni mwa kasoko, mchana ulikuwa umepita nusu yake. Ndipo walipoona kwamba kilele chenyewe kiko mbali kidogo, upande wa kushoto.

Fikirini, wasikilizaji: safari ndefu, na kilele ki machoni pao! Nguvu zilikuwa zimepungua, na usiku ungewakuta katika barafu. Wakageuka, wakashuka. Wahenga walisema: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Aziishizaye nguvu zake zote katika kupanda, hana za kushukia.

Wakapumzika, wakasogeza malazi yao juu zaidi, na tarehe 6 Oktoba wakapanda tena. Vidato walivyovichonga siku ile vilikuwa vikiwangoja, na kabla ya adhuhuri walisimama juu ya Kibo. Siku hiyo Purtscheller alitimiza miaka 40. Basi kazi ya siku waliyorudi haikupotea. Ndiyo iliyokuwa ngazi ya siku waliyofika.

Baada ya hayo walijaribu Mawenzi, lakini ncha yake ya juu iliwashinda, wakarudi tena. Ikapita miaka 23 kabla ya watu wengine wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute, kufika juu yake tarehe 29 Julai 1912. Klute alizipima pia sehemu za juu za mlima na kutoa ramani, na kwa ramani hiyo wataalamu wamejua jinsi barafu ya Kibo ilivyopungua tangu wakati wake. Leo wengi huenda Kibo kwa miguu, wakifuata njia na viongozi wao. Lakini majabali ya Mawenzi yangali yakiporomoka jua linapopanda.

Basi, vijana wetu mkaao mitelemkoni, mkiyaona magenge yanawaita, msiende pasipo mtu ajuaye, wala msimcheke mwenzenu asemaye, "Turudi." Yeye ndiye aliyeishika kamba. Mlima utakuwapo kesho. Jambo la kuangalia ni ninyi nanyi muwepo. Kwa herini.