KWA NINI KWETU NI MILIMA NA KULE CHINI NI ZIWA?



Mtu akitoka Tandala kwenda Ziwa Nyasa, huondoka na koti kwa sababu ya baridi. Akifika ufukweni hulivua, jasho linamtoka. Mbona nchi mbili zilizo jirani zinatofautiana hivyo? Hebu tuelezane.

Ardhi tunayoikanyaga ni kama ganda la yai. Chini ya ganda hilo kuna miamba yenye joto kali sana. Huku kwetu Afrika ya Mashariki, joto hilo lililisukuma ganda likainuka. Halafu ganda likavutwa huku na huku mpaka likapasuka. Mpasuko huo ndio Bonde la Ufa. Unatoka Ethiopia, unapita kwetu, unafika Msumbiji. Bonde kubwa la mto Kongo halikuinuliwa hivyo. Ndiyo maana kule ni nchi ya chini, yenye joto na misitu.

Jaribu mwenyewe. Panga matofali matatu, uyainue kwa kuyabana pembeni kwa mikono miwili. Sasa tanua mikono kidogo. La katikati linashuka, ya pembeni yanabaki juu. Ndivyo ilivyokuwa. Tofali moja la pembeni ni milima yetu ya Livingstone. La pili ni nchi ya juu ya Nyika, kule Malawi. La katikati lilizama, maji yakajaa, likawa Ziwa Nyasa. Ziwa hilo lina kina cha mita 700 hivi. Uwanda wetu wa Kitulo uko mita 2,600 hivi juu ya bahari.

Kazi hiyo haijaisha. Ufa unapanuka milimita chache tu kwa mwaka. Hata kucha hukua haraka kuliko hivyo! Lakini miamba hukwama, na siku ikiachia ghafla ardhi hutetemeka. Desemba 2009 matetemeko yalibomoa nyumba huko Karonga, ng'ambo ya ziwa.

Basi, ufa ulijenga miteremko. Maji nayo yanaibomoa. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilimega sehemu ya mlima Hanang. Tope na mawe vilishuka mpaka mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa.

Katika mashamba yetu udongo hauondoki kwa kishindo namna hiyo. Unaondoka kidogo kidogo, kila msimu wa mvua. Ukiona mto umekuwa mwekundu, ujue ni rutuba ya viazi vyetu inakwenda zake. Haitarudi. Kwa hiyo ndugu zangu, tufanye haya:

1. Tulime matuta ya kukinga mteremko, siyo ya kuelekea bondeni.
2. Tupande majani kwenye kingo za matuta.
3. Mahali pa mteremko mkali tuache miti, tusilime.
4. Tusijenge nyumba kwenye korongo, wala chini ya mlima unaomeguka.

Mlima hatukuuweka sisi, wala hatuwezi kuuhamisha. Lakini udongo wake tunaweza kuuzuia, ili watoto wetu nao wapate pa kulima.

MASWALI YA KUJADILI
1. Ziwa Nyasa lilipatikanaje?
2. Katika kijiji chenu, ni shamba gani linapoteza udongo zaidi? Kwa nini?
3. Mtaanza kufanya nini kabla mvua hazijanyesha?