Sauti ya Meru na Embu sebuleni mwako

Je, mtoto wako aliyezaliwa mjini akimpigia simu nyanyake aliye Meru au Embu, huzungumza naye kwa lugha gani? Kisanduku cha televisheni chenye intaneti chaweza kukusaidia. Pakua programu ya redio, kisha utafute Muuga FM inayotangaza kwa Kimeru, au Wimwaro FM ya Kiembu. Ukiipata, iweke kwenye orodha ya vipendwa ili mtoto aifungue bila shida.

Usihofu gharama. Redio ya kilobiti 64 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 29 kwa saa. Video hula mamia. Lakini mzazi mwenzangu, kaa naye umfafanulie maneno, maana kisanduku hakijibu maswali. Mwacha mila ni mtumwa.