Nani alitoa mstari ule? Kaye ya wenye kuandika programu

Kila mwenye kupeleka mifuko ku depo anajua nguvu ya kaye. Balansi inaweza kuonyesha kilo 50, lakini karani akiandika 45, njo hizo 45 zitalipwa. Na mahali ordinatere imechukua kazi ya karani, kaye haikuisha, imeingia ndani ya programu. Mstari mmoja unasema watoe asilimia ngapi ya maji, mwingine unasema tenere ya shaba inalipwa namna gani. Sasa muntu akibadilisha mstari ule, ama ukipotea, nani atajua?

Vijana wetu wengi wanasoma informatiki Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Mzazi mwenye kulipa minerval ana haki ya kujua kazi hii ni ya namna gani.

Wenye kuandika programu nao wana kaye yao. Kila badiliko linaandikwa: jina la muntu, siku, saa, sababu, mistari iliyotoka na iliyoingia. Hawafuti ya juu, wanaongeza ya chini. Kaye yenye watu wengi wanatumia leo inaitwa Git. Aliianzisha Linus Torvalds, Mfini aliyeanzisha Linux, mu mwaka 2005. Kila ukurasa una namba inayotoka mu maandishi yake na mu namba ya ukurasa uliotangulia. Ukigusa ukurasa wa zamani, namba zote za nyuma yake zinakataa.

Faida ya kaye ilionekana hata mbele ya Git. Mu Novemba 2003, kazi ya Linux ilikuwa inaandikwa mu BitKeeper, na kopi yake ilikuwa mu kaye ingine, CVS. Badiliko la kweli mu kopi lilibeba alama ya kuonyesha limetoka ukurasa gani. Siku moja kukaonekana mistari miwili mu kopi, bila alama yoyote. Larry McVoy, mkubwa wa kampuni ya BitKeeper, akatoa habari. Walipoisoma vizuri, wakaona ujanja: mistari ilifanana na ya kuuliza kama muntu ni namba 0, ni kusema mwenye mashine, mwenye mamlaka yote. Lakini mwandishi alitia alama moja ya sawasawa, si mbili, na kwa hiyo mashine haiulizi tena, inamfanya muntu kuwa namba 0! Linux yenye watu wanatumia haikuguswa.

Pale mstari uliingia bila ruhusa. Shida yenye kusumbua zaidi ni ya mstari wenye kutoka bila muntu kuutoa. Tuseme vijana wawili wanatengeneza programu ya koperative. Mmoja amesahihisha hesabu ya umidite, mwenziwe anatengeneza tiketi. Siku ya kuunganisha kazi, mafaili yanagongana, na mwenye kuunganisha, kwa kuchoka, anachagua upande mmoja wote. Hesabu ya zamani inarudi, na mifuko inaanza tena kukatwa kilo. Ukitafuta mu kaye ukurasa wa kusema "nimetoa", haupo.

Na tena kuna mtego. Ukiuliza historia ya faili lile kwa git log ya kawaida, Git inafupisha: ikiona faili ni sawa na la upande mmoja, inafuata upande ule peke yake. Kijana atakuambia, "Papa, haikuandikwa hata siku moja." Iliandikwa! Aongeze --full-history. Kisha atumie -S pamoja na maneno ya mstari wenyewe, na -m ili Git ichungulie hata mahali pa kuunganisha. Hapo ataona siku mstari ulipoingia, na kiungo ulipopotelea.

Kama tawi zima lilifutwa, kuna git reflog, kaye ndogo ya kila hatua. Lakini ina siku zake: kwa kawaida siku 90, na kwa kurasa zisizoshikwa tena na tawi lolote siku 30. Tena iko mu mashine ya mwenye kufanya kazi peke yake, kopi ya wengine haina. Ordinatere ikiibiwa, njo basi. Na kazi ambayo kijana hakuitia mu kaye hata mara moja, Git haina cha kumrudishia.

Kwa hiyo koperative yenye kulipia programu isikubali kupewa programu bila kaye yake. Iombe mu kontra kopi ya historia yote, iwekwe mu mashine ya koperative yenyewe, na kila badiliko la hesabu ya kilo liwe na jina la muntu na sababu iliyoandikwa kwa maneno yenye prezida wa koperative anaweza kusoma.