Kimya cha Mchapishaji si Ruhusa: Mashabiki na Mchezo wa Warzone 2100

Mchezo wa kompyuta haugeuki kuwa mali ya umma kwa sababu tu umetoweka sokoni. Nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta. Hivyo, kijana wa Ifakara anayenakiliwa mchezo wa zamani kwenye kompyuta ya mtumba hapati haki ya kuurekebisha wala kuwagawia wenzake katika Bonde la Kilombero. Haki hiyo hutoka kwa mwenye hakimiliki, naye huweza kuombwa.

Warzone 2100 ni mfano wa ombi la namna hiyo. Mchezo huo ulitungwa na Pumpkin Studios na kuchapishwa na kampuni ya Eidos ya Uingereza mwaka 1999. Mashabiki waliiomba kampuni itoe msimbo chanzi, na Desemba 2004 msimbo huo na sehemu kubwa ya data vilitolewa chini ya leseni huria ya GNU, inayoruhusu kunakili, kurekebisha na kusambaza. Hata hivyo, video na muziki vilibaki nje hadi Juni 2008, leseni ilipofafanuliwa upya.

Kutokana na mfano huu, makala haya yanahitimisha kuwa neno “bure” halitoshi. Mchezo uliotolewa bila malipo lakini bila msimbo huchezeka tu. Kuutafsiri kwa Kiswahili huwa vigumu. Ombi lenye manufaa hutaja kila sehemu: msimbo, picha, sauti, video na haki ya kutafsiri.