Tupange upya etajeri ya jikoni



Wiki mbili zilizopita tulikwenda Cimpunda kumpongeza mwenzetu aliyejifungua. Kama desturi yetu, wengine walikaa na mzazi, wengine tukaingia jikoni kupika. Ndipo tukaiona etajeri yake: mbao nne zilizopigiliwa ukutani, pembeni mwa babula, bila mlango, kama zilivyo etajeri za wengi wetu. Tulitafuta chumvi. Tukapata sashe tatu zilizokwisha kufunguliwa, zote zimeingia unyevu, na asubuhi hiyohiyo mtoto alikuwa ametumwa dukani kununua ya nne. Nyuma ya masufuria tukakuta maharagi yaliyotobolewa na vidudu, hayafai tena kupikwa. Na kwenye ubao wa chini, karibu na sukari, palikuwa na chupa ya limonadi yenye kitu kama maji. Mmoja wetu aliifungua akanusa: ilikuwa javel. Mtoto wa miaka 3 alikuwa anacheza hatua mbili kutoka pale.

Hatukumcheka mwenzetu. Tuliporudi nyumbani, kila mmoja alitazama etajeri yake, na wengi tulikuta mambo yaleyale. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuomba tuandike habari hii, mradi jina lake tusilitaje.

Jambo hili si la urembo. Tangu mwezi wa pili wa 2025, benki za mji wetu zilipofunga milango, kila mama anajua jinsi pesa ya mkononi ilivyo ngumu kupata. Chakula kinachooza jikoni ni pesa iliyotupwa. Tena etajeri ya wazi si aibu. Hewa inapita, na macho yanaona kilichopo na kilichokwisha. Inahitaji tu kupangwa na kulindwa. Haya ndiyo tuliyofanya pamoja siku ile na tuliyojifunza tangu hapo.

Iondoe karibu na moto na ukuta

Mji wetu uko kando ya Ziwa Kivu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, na mvua hunyesha kuanzia Septemba mpaka Mei. Ukuta unakunywa maji, na chakula kinachougusa kinakunywa pia. Basi acha nafasi ya kiganja kimoja kati ya etajeri na ukuta, na ubao wa chini uwe juu ya sakafu angalau kwa urefu wa mkono hadi kiwiko. Hapo utaweza kufagia chini yake, na panya hatapata pa kujificha.

Babula ikae mbali. Wengi wetu tunaishi katika nyumba za mbao zilizosongamana, na tunajua moto unavyoruka kutoka nyumba hadi nyumba. Kwa sababu hiyo hatushauri pazia la kitenge mbele ya etajeri kama jiko ni dogo. Cheche moja inatosha. Ni afadhali kufunika kila chombo kwa kifuniko chake.

Kila kitu kwenye chombo chenye kifuniko

Hapa huhitaji kununua kitu. Makopo ya maziwa ya unga, ndoo ndogo za rangi ya chakula zilizobaki baada ya karamu, chupa za maji zenye mdomo mpana, vyote vinafaa vikioshwa na kukaushwa vizuri juani. Kinachokatazwa ni chombo kilichowahi kutiwa dawa ya shamba, rangi ya nyumba au petroli. Hicho hata kikioshwa mara kumi, hakifai chakula.

Chumvi yenye ayodini ifunikwe vizuri na isikae juani wala karibu na mvuke wa sufuria, kwa sababu unyevu, joto na mwanga huipunguzia ayodini, na ayodini ndiyo inayotukinga na uvimbe wa shingo. Mafuta ya mawese nayo hayapendi mwanga. Yaweke kwenye chupa nyeusi au ubao wa chini wenye kivuli, maana rangi yake nyekundu ndiyo yenye vitamini A ya macho ya watoto. Viazi pia viwe gizani. Vikipigwa na mwanga vinageuka kijani na kuwa na sumu. Visiwekwe pamoja na vitunguu, kwani kimoja huharibu kingine.

Maharagi: yakaushe, kisha uyanyime hewa

Kidudu cha maharagi mara nyingi kinatoka nacho shambani, hakiingii nyumbani kwako. Kwa hiyo ukinunua sokoni Kadutu au Nyawera, usimwage moja kwa moja juu ya yale ya zamani. Yachambue, yaanike juani siku moja au mbili, yapoe, kisha yajaze ndani ya bidoni kavu mpaka mdomoni na ukaze kifuniko sana. Bidoni ikijaa na ikifungwa kabisa, hewa inaisha na vidudu vinakufa bila dawa yoyote. Usiifungue kila siku. Toa ya wiki nzima, utie kwenye kopo la etajeri, ufunge tena.

Mahindi na karanga: ukungu si wa kupangusa

Hapa tunaomba msome polepole. Mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu mwingine hutoa sumu iitwayo aflatoksini, inayoharibu ini. Kuipika hakuiondoi. Mwaka 2004, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui nchini Kenya, familia zilikula mahindi yaliyohifadhiwa mabichi nyumbani. Watu 317 waliugua na 125 kati yao walikufa. Mengi ya mahindi yale yalikuwa ya mashamba yao wenyewe.

Basi karanga yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi, itupe. Usiisage eti ipotee ndani ya sombe. Usiwape kuku pia, maana sumu inawadhuru na wao. Na unga wa bugali ununue wa siku chache, hasa wakati wa mvua, uuhifadhi kwenye ndoo kavu. Ukiusikia unanuka ukungu au umeshikana madonge, usiuchanganye na mpya.

Sambaza na panya

Sambaza wetu hawakuzaliwa katika ziwa hili. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni mboga ya maskini na tajiri. Lakini harufu ya sambaza mkavu inaita panya na paka wa mtaa mzima. Watie kwenye kopo lenye kifuniko cha chuma, au uwaning'inize katika kikapu kilichofunikwa, mbali na ukuta. Kama chungu wanapanda etajeri, simamisha kila mguu ndani ya kopo lenye maji yenye tone la mafuta, na ubadilishe maji hayo kila siku chache. Chakula kilichopikwa kikabaki kisilale kwenye etajeri. Pika cha kutosha, na kilichobaki kiliwe mapema, baada ya kuchemshwa vizuri.

Kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka

Hili ni rahisi kuliko yote, na ndilo lililotuletea faida ya haraka. Kipya kikae nyuma, cha zamani kikae mbele. Vifanane vikae pamoja: chumvi, sukari na majani ya chai ubao mmoja, unga na mchele ubao mwingine, mafuta chini. Bandika kipande cha karatasi na uandike tarehe uliyonunua. Asiyejua kusoma atie alama ya makala: mstari mmoja kila wiki. Kabla ya kutuma mtoto dukani, tazama kwanza. Mwenzetu wa Cimpunda hajanunua chumvi tangu siku ile, na bado anayo.

Sumu isikae kamwe kwenye etajeri ya chakula

Javel, petroli, soda ya kutengeneza sabuni, dawa ya panya: vyote vitoke jikoni. Viwekwe juu kabisa, mahali pengine, ikiwezekana ndani ya sanduku lenye kufuli. Na visitiwe hata siku moja ndani ya chupa ya limonadi au ya maji. Mtoto hajui kusoma, anajua chupa tu. Tukinunua petroli ya kupimiwa, twende na chombo chake, tukifunge alama ya kitambaa chekundu ambayo nyumba nzima inaijua.

Ikitokea mtoto amekunywa, usimtapishe, wala usimpe mafuta ya mawese au maziwa kwa nguvu. Petroli ikipanda inaingia kwenye mapafu, na javel au soda inachoma koo mara ya pili. Mpeleke kituo cha afya mara moja, na chupa uibebe, ili muuguzi ajue alichokunywa.

Jumamosi hii

Tunaomba kila mwanachama afanye salongo ya etajeri yake Jumamosi hii asubuhi. Toa kila kitu, futa mbao kwa maji ya sabuni, ziache zikauke, kisha rudisha kimoja kimoja. Baba na watoto wakubwa washiriki, maana ndio wanaovuruga mpango wasipoujua. Usiye na etajeri, makreti mawili ya mbao yaliyopangwa moja juu ya jingine juu ya matofali yanatosha kuanzia.

Katika mkutano ujao, kila mmoja ataje vitu viwili: kitu alichokikuta amekisahau, na kitu alichokitupa. Tutahesabu pamoja. Tukiona maharagi yanayoharibika ni mengi, tutajadili kununua gunia moja kwa pamoja wakati wa mavuno, kama tunavyofanya likelemba, tuligawane likiwa kavu kwenye bidoni zetu.

Chupa ya limonadi ya Cimpunda haipo tena. Bibi ya mtoto aliitoboa mbele yetu, akaitupa. Tafadhali, kabla ya kulala leo, nenda ukatazame yako.